Betri ya gari inapokufa mapema kwenye joto: kusoma dalili kabla ya kununua nyingine

Betri ya gari ikifa, wengi wetu hukimbilia kununua nyingine inayofanana nayo, na haupiti muda mrefu kabla hatujajikuta dukani tena. Mwongozo huu unapendekeza mwendo mwingine: kabla ya kuitupa betri iliyokufa, ichunguze, kwa sababu namna ilivyokufa ndiyo inayoonyesha gari lako linahitaji betri ya aina gani, na wakati mwingine inaonyesha kwamba kosa halikuwa la betri hata kidogo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita ya kawaida, tochi, glavu, miwani ya kukinga macho na, kwa betri ambazo vifuniko vyake hufunguka, haidromita ya kupimia uzito wa maji ya betri.

Joto linafanya nini ndani ya betri

Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, na ndani ya kila seli kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na maji. Joto huongeza kasi ya kila tendo la kikemia humo, yale tunayoyataka na yale tusiyoyataka. Siku yenye joto kali gari huwaka kwa wepesi hata kama betri imechoka, na wepesi huo ndio unaomdanganya mwenye gari: madhara hujijenga kimya kimya msimu wa joto, kisha hujitokeza asubuhi ya kwanza yenye ubaridi, naye huilaumu baridi. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, kila ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza umri wa betri karibu kwa nusu. Chini ya boneti, hasa dakika chache baada ya kuzima injini, hewa inaweza kupita nyuzi 60.

Uharibifu wenyewe huja kwa njia tatu. Kwanza, kimiani cha risasi, yaani wavu unaobeba bamba chanya, huliwa na kutu, huku kikitanuka polepole hadi kipasuke au kiachane na bamba. Pili, maji hupotea, mengine kwa kuwa mvuke na mengine kwa sababu umeme wa kuchaji huyachambua kuwa hidrojeni na oksijeni. Tatu, betri iliyokaa bila kutumika hujitoa chaji yenyewe kwa kasi zaidi kwenye joto, na ikibaki na chaji ndogo kwa wiki kadhaa, salfeti ya risasi iliyo juu ya mabamba hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizokubali tena kuchajiwa. Dalili zinazofuata, karibu zote, zinaangukia katika mojawapo ya njia hizo, isipokuwa zile ambazo chanzo chake kiko nje ya betri.

Injini inazunguka kwa uvivu asubuhi

Anza kwa kupima volti za betri gari likiwa limelala usiku kucha. Ukipima mara baada ya safari utapata namba ya juu isiyo ya kweli, kwa kuwa chaji ya juujuu bado haijatulia. Kama huwezi kusubiri, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, kisha subiri kidogo ndipo upime. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo ihesabu kuwa tupu. Ukikuta namba iliyo karibu na 10.5, na haipandi hata baada ya kuchaji, seli moja imekufa, na betri hiyo haina tiba.

Namba hiyo ya kwanza haitoshi kutoa hukumu. Mwombe mtu apige stata huku wewe ukisoma multimita iliyoshikizwa moja kwa moja kwenye ncha za betri, wala si kwenye klempu, yaani vibanio vya nyaya. Kama betri ilikuwa na 12.6 lakini inaanguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, chaji ipo ila nguvu ya kuitoa haipo tena: hiyo ndiyo sura ya kimiani kilicholiwa, yaani betri iliyouawa na joto lenyewe. Kama ilikuwa na 12.2 au chini, usiihukumu bado. Ichaji polepole hadi ijae, iache saa kadhaa, kisha rudia jaribio. Betri nyingi zinazotupwa ni nzima, zilikuwa na njaa tu.

Uwezekano wa tatu ndio unaosahaulika. Stata ikizunguka kwa uvivu huku betri ikibaki juu ya volti 10, tatizo liko kwenye nyaya, kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, au kwenye stata yenyewe. Weka kipimio kimoja kwenye ncha hasi ya betri na kingine kwenye chuma safi cha injini wakati stata inapigwa. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, na hakuna betri mpya itakayoponya hali hiyo.

Gari liliwaka asubuhi, mchana limekataa

Hapa mambo mawili tofauti hufanana. La kwanza ni stata iliyochoka: ikipashwa joto na injini, nyaya zake za shaba huongeza ukinzani, nayo hupitisha umeme mdogo kuliko ilivyopitisha asubuhi. Betri nzima itashuka volti kidogo tu, na gari litawaka tena likiachwa lipoe. La pili ni betri ambayo kiungo cha ndani kati ya seli kimepasuka. Betri ya namna hii hufa ghafla bila onyo: ulikwenda vizuri hadi sokoni, ukazima, ukarudi, na hata taa za ndani haziwaki. Baadaye inaweza kufufuka kidogo, kwa sababu sehemu zilizopasuka zimegusana tena, na mwenye gari akadhani imepona. Betri iliyofanya hivyo hata mara moja ibadilishwe, wala usijaribu kuiwasha tena na tena kwa kuazima umeme wa gari lingine, kwa kuwa cheche ndogo kwenye mpasuko huo inaweza kuwasha gesi ya hidrojeni iliyokusanyika ndani na kuipasua betri.

Betri imevimba ubavuni, au inanuka yai bovu

Hii ndiyo dalili inayotakiwa kukusimamisha. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu, na hutokea betri inapochemka kwa kuchajiwa kupita kiasi au seli moja inapokuwa na shoti. Zima injini, fungua boneti, acha hewa ipite, usivute sigara karibu, na usiguse klempu hadi betri ipoe.

Chanzo kinachoshukiwa kwanza ni alteneta, mashine inayoichaji betri injini inapozunguka. Pima volti kwenye ncha za betri injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa kati: magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.7. Ikipita 15 na kubaki huko, kidhibiti cha volti kimeharibika. Kwenye magari mapya yenye alteneta inayoongozwa na kompyuta, namba hupanda na kushuka kwa makusudi, hivyo usihukumu kwa kipimo kimoja. Angalia kwa dakika kumi na tano ukiwa umewasha taa, kisha ukiwa umezima. Kumbuka pia kwamba betri yenye joto inahitaji volti ndogo zaidi ili ijae. Kidhibiti cha zamani kinachotoa 14.7 bila kujali hali ya hewa kinaweza kuwa sawa kwenye vitabu vya kiwanda, na bado kikawa kinaipika betri iliyofungwa jirani na injini katika sehemu zenye joto mwaka mzima.

Niliwahi kuua betri mbili kwa njia hii katika muda wa miezi kumi na minne. Ya kwanza nililaumu ubora wake, ya pili nililaumu duka, na alteneta sikuipima hadi ya pili ilipoanza kuvimba. Kipimo cha dakika moja kingeniokolea zote mbili, na ndiyo maana nasisitiza: betri iliyovimba ni ushahidi dhidi ya mfumo wa kuchaji hadi ithibitishwe vingine, na hakuna betri mpya inayopaswa kufungwa kabla kipimo hicho hakijafanywa.

Maji ya betri yanapungua kila mara

Kwa betri yenye vifuniko, angalia kama upungufu uko kwenye seli zote sita au kwenye moja. Seli zote zikishuka kwa pamoja, rudi kwenye alteneta. Volti zikiwa sawa, chanzo ni joto la chini ya boneti au aina ya risasi iliyotumika, jambo nitakalolieleza kwenye kuchagua. Seli moja ikishuka peke yake, kagua kama sanduku lina ufa. Kama hakuna ufa, seli hiyo inaelekea kufa. Haidromita itathibitisha: betri ikiwa imejaa chaji, maji yake husoma 1.265 hadi 1.280, ingawa betri zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto hujazwa asidi nyepesi zaidi, karibu na 1.240, ili mabamba yasiliwe haraka. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti kati ya seli. Tofauti ikizidi 0.050, betri imekwisha. Maji yakiwa na joto la nyuzi 40, ongeza takribani 0.010 kwenye usomaji wako kabla ya kulinganisha na vitabu.

Ongeza maji yaliyotoneshwa pekee, baada ya kuchaji na si kabla, isipokuwa mabamba yameachwa wazi. Hapo ongeza kidogo ya kuyafunika, chaji, kisha malizia hadi kwenye alama. Usiongeze asidi. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki, na anayeongeza asidi anaharakisha kutu ile ile anayoikimbia.

Gari likilazwa siku tatu haliwaki

Betri nzima iliyojaa hukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa hata kwenye joto. Ikishindwa siku tatu, kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Funga multimita mfululizo kati ya ncha hasi na waya wake, ukitumia tundu la ampea 10, funga milango, na subiri hadi saa nzima ili kompyuta za gari zilale. Usipige stata wala usifungue swichi wakati multimita iko hapo, la sivyo utaunguza fyuzi yake. Kinachokubalika kwa kawaida ni miliampea 20 hadi 50. Hesabu ni nyepesi: miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba), hivyo betri ya ampea-saa 60 itafika nusu baada ya siku 25. Ukikuta miliampea 500, siku mbili na nusu zinatosha. Vuta fyuzi moja baada ya nyingine hadi usomaji ushuke, na utakuwa umempata mwizi. Redio na vifaa vya ulinzi vilivyofungwa baadaye huongoza orodha ya washukiwa.

Unga mweupe au wa kijani kwenye ncha hauhitaji maelezo marefu: uoshe kwa maji ya moto yenye magadi soda, kausha, kaza klempu, paka grisi. Unga huo ukirudi baada ya wiki chache, asidi inavuja kwenye shina la ncha, au betri inachajiwa kupita kiasi.

Kuchagua betri mpya kwa kufuata ulichokikuta

Kosa la kawaida dukani ni kukimbilia namba kubwa ya ampea za kuwashia kwenye baridi. Namba hiyo hupimwa betri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo gari la sehemu za joto halitaiona maishani. Ubaya wake ni kwamba, katika sanduku la ukubwa ule ule, mtengenezaji hupata namba kubwa kwa kuweka mabamba mengi zaidi na membamba zaidi, na bamba jembamba ndilo linaloliwa kwanza na joto. Basi timiza kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, usikipite kwa mbali, kisha linganisha akiba ya betri: idadi ya dakika inazoweza kutoa ampea 25 kabla volti hazijashuka hadi 10.5. Kama namba hiyo haikuandikwa, tumia ampea-saa. Na kama betri mbili zina ukubwa mmoja na ampea-saa zinazokaribiana, zinyanyue. Iliyo nzito kwa kawaida ina risasi nyingi zaidi, na risasi ndiyo unayoinunua.

Kisha kuna mchanganyiko wa risasi yenyewe. Betri za zamani zilitiwa antimoni, ambayo huimarisha mabamba na kuvumilia kuishiwa chaji mara kwa mara, lakini hupoteza maji haraka. Betri zenye kalsiamu kwenye mabamba yote hupoteza maji kidogo sana na hujitoa chaji polepole, lakini huchukia kuachwa tupu. Kwa hiyo kama betri yako iliyokufa ilikuwa imekauka na gari lako hutembea kila siku, chukua ya kalsiamu. Kama ilikufa kwa kuachwa tupu mara kwa mara, kwanza ondoa chanzo. Kama matumizi yenyewe hayabadiliki, ile ya mchanganyiko wa antimoni upande mmoja na kalsiamu upande mwingine itavumilia zaidi, mradi ukubali kuangalia maji. Rai yangu kwa sehemu zenye joto kali ni betri ya kalsiamu ambayo vifuniko vyake bado vinafunguka, kwa mtu aliye tayari kuvifungua kila mwezi. Asiye tayari anunue iliyozibwa, kwa sababu betri yenye vifuniko visivyofunguliwa kamwe hufa mapema kuliko zote.

Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha tena ni habari tofauti. Hilo lilikuja na betri ya kitambaa cha nyuzi za kioo, iitwayo AGM, au ile ya maji iliyoimarishwa, iitwayo EFB, na ukilifungia betri ya kawaida, itachoka ndani ya muda mfupi. AGM haipendi joto la injini wala kuchajiwa kupita kiasi, kwa kuwa maji yake yakishatoka hayarudishwi, na ndiyo sababu moja ya magari mengi kuiweka chini ya kiti au kwenye buti. Lililokuja na AGM lirudishiwe AGM. Lakini kupandisha gari la kawaida kwenye AGM kwa kudhani ghali ndiyo bora, wakati betri inakaa kando ya injini, ni kuihamishia betri ya gharama kubwa jikoni.

Ukubwa na mpangilio wa ncha havina majadiliano. Katika mfumo wa Kijapani, kwa mfano, 55D23L ina maana ya kiwango cha nguvu 55, kundi D la upana na kimo, urefu wa sentimita 23 hivi, na herufi ya mwisho huonyesha ncha zimepangwa upande gani. L na R zikibadilishana, waya unaweza usifike au, vibaya zaidi, ukavutwa hadi ukafika mahali pasipo pake.

Kinachobaki ni umri, na katika joto umri huhesabiwa tangu kiwandani. Tafuta tarehe iliyogongwa au kubandikwa kwenye sanduku. Viwanda vingi hutumia herufi A hadi L kwa miezi na tarakimu kwa mwaka, na muuzaji anayejua kazi yake atakusomea. Betri iliyokaa zaidi ya miezi mitatu kwenye ghala lenye joto bila kuchajiwa naiacha, hata ikiwa inang'aa. Vyovyote itakavyokuwa, toa multimita yako pale pale kaunta: chini ya volti 12.4 mkatalie, na 12.6 ndiyo unayoitaka. Kama ni betri kavu inayojazwa asidi siku ya kununua, hakikisha imeachwa ipumzike na kuchajiwa kabla ya kufungwa. Kuhusu dhamana, uliza ni miezi mingapi ya kubadilishiwa bila malipo, kwa sababu muda mrefu unaotangazwa mara nyingi hujumuisha kipindi ambacho utarudishiwa sehemu ndogo tu ya bei.

Kufunga, na wiki mbili za kwanza

Fungua hasi kwanza na uifunge mwisho. Ngao ya joto au koti lililokuwa likiizunguka betri ya zamani lirudishe. Mafundi wengi hulitupa kwa sababu linawapa shida kulifunga, ilhali liliwekwa hapo kwa kazi hii hii. Kaza mshikizi wa sanduku, kwani mtikisiko humalizia mabamba yaliyokwisha kudhoofishwa na joto, na bomba la kutolea hewa, kama lipo, liunganishwe. Baadhi ya magari huhitaji kompyuta iarifiwe kwamba betri imebadilishwa, la sivyo itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile iliyozeeka.

Siku hiyo hiyo pima volti injini ikiwa inazunguka, uandike namba hiyo pamoja na tarehe juu ya sanduku kwa kalamu isiyofutika. Baada ya wiki mbili pima tena asubuhi kabla ya kuwasha. Ukikuta 12.5 au zaidi, rudi kupima baada ya miezi mitatu. Ukikuta chini ya 12.4 na gari limekuwa likitembea kama kawaida, pima kwanza alteneta, kisha rudia jaribio la miliampea, na betri iwe ya mwisho kushukiwa.